Mtu Tuliyemzika Kibuta

Mlandizi,
Jumapili, baada ya misa.

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa kitini na si umeinama shambani, maana nakujua. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyotuma kwa basi unaitumia, au umeiweka kabatini ingoje wageni? Mwambie Deo asome polepole asiruke mstari, na akifika kwenye mambo ya huzuni asijifanye anakohoa. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio haujatulia, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Mwezi uliopita nilikupigia simu, ukasema haloo, nikalia, nikakata. Najua hukulala vizuri na naomba unisamehe. Ningeweza kupiga tena nikueleze, lakini wewe mama simu unaisikia nusu. Nikikwambia nimefiwa na mpangaji utanijibu kwamba mbolea imepanda bei. Tena jambo lenyewe ni refu na lina aibu ndani yake, kwa hiyo afadhali likae kwenye karatasi.

Kwanza niondoe uongo. Nimesikia umemwambia katekista kwamba Tekla ana nyumba Kibaha. Mama, nyumba si zangu. Mimi ni msimamizi. Wenye nyumba wako mbali, wengine hata nchini hawapo, nao wamemwachia bosi wangu, na bosi wangu ameniachia mimi. Kazi yangu ni kodi, choo kilichoziba, umeme unaogombaniwa, paa linalovuja, na mlevi anayegonga mlango wa mwenzake akidhani ni wake. Cheti cha usimamizi wa majengo ninacho na wewe ulikuja kunishangilia, lakini chuoni hakuna aliyetufundisha kuamua ugomvi wa kamba ya kuanikia nguo. Hilo nimejifunzia Maili Moja, kwenye nyumba yenye vyumba vinane pembeni mwa uwazi mmoja. Na habari hii ni ya nyumba hiyohiyo.

Ule ugonjwa wangu wa vitasa nao haujapona. Ukinikuta Jumamosi jioni nimekaa barazani na bisibisi, nimefungua kitasa kibovu, springi zake nimezipanga juu ya kitambaa nisizipoteze, utasema binti huyu ameharibika. Mwenzako napenda. Kwaya pia naimba bado, sauti ya pili, ingawa mwalimu wetu anaupeleka kila wimbo mbiombio kana kwamba amechelewa basi. Lakini kwaya kila mtu anaielewa. Vitasa alivielewa mtu mmoja tu, mpangaji wa chumba cha nne.

Wote tulimwita Fundi. Alikuwa anatengeneza feni. Mtu wa makamo, mwembamba, mpole hata ukimkanyaga yeye ndiye anayeomba radhi. Nilipokabidhiwa ile nyumba nilimkuta humo. Akipata kitasa kibovu kwa mafundi wenzake alikuwa akiniwekea, na nikienda kukagua nyumba tunakaa barazani, yeye anasuka nyaya za mota ya feni, mimi nahangaika na kitasa changu, tunaweza kumaliza jioni nzima hatujasema maneno kumi na tukaagana tumeridhika. Kodi alileta mkononi, na kwenye stakabadhi mimi niliandika chumba cha nne, basi. Ndivyo tunavyofanya kazi, mama. Mtu anakuwa chumba.

Mwezi uliopita Mzee Kondo alinipigia. Huyu ni mpangaji pia, mtu mzima, anaswali msikiti mmoja na Fundi. Akasema Fundi hajafungua mlango tangu jana na ndani kunasikika kama mtu anakoroma. Nilikwenda na ufunguo wa akiba. Tulimkuta sakafuni, macho wazi, hasemi. Tukamkimbiza hospitali, akakaa siku mbili, akafariki bila kutamka kitu cha kueleweka. Simu hakuwa nayo, alikuwa ameiuza, nadhani ni alipoanza kuumwa. Kitambulisho hatukukiona. Wenzake wa kwenye feni nao walimjua kwa jina la Fundi tu.

Pale hospitali muuguzi akatuambia, kwa upole kabisa, kwamba ndugu wasipopatikana halmashauri itamzika. Mzee Kondo alikuwa anavaa viatu. Akasimama na kimoja mguuni, akasema, "Mtu niliyeswali naye safu moja hazikwi na halmashauri. Tekla, wewe ndiye una makaratasi. Tafuta kwao."

Nikaenda ofisini, nikatoa mkataba wa chumba cha nne. Shabani Omari, kwao Kibuta, Kisarawe. Mama, nilifurahi. Mtu amekufa na mimi nimesimama mbele ya kabati nafurahi, kwa sababu niliona Fundi amepata kwao na atazikwa na watu wake. Bosi naye alipiga simu. Alitaka kujua chumba kitakuwa wazi lini.

Mzee Kondo akasema habari ya msiba haipelekwi kwa simu kwa mzazi. Basi tukaenda wenyewe, mimi na yeye. Mkewe alinipa kanga mbili akanifunga vizuri kichwani, akanitazama, akasema sasa nafanana na mtu. Tulipita Kisarawe mjini, tukaingia njia ya vumbi, pande zote mihogo na mikorosho, na Kibuta tulipouliza kwa Mzee Omari mwenye mtoto Shabani tulionyeshwa mara moja. Hapo ningejiuliza lolote vipi? Jina lipo, nyumba ipo, na baba yupo barazani anachonga mpini wa jembe.

Mzee Kondo anajua kubeba habari nzito. Alisalimia, akapokea maji, akauliza mvua, kisha akaomba kuongea na mdogo wake Mzee Omari, yaani baba mdogo wa Shabani, pembeni. Baba mdogo ndiye aliyemwambia kaka yake, na kaka yake akaingia ndani kwa mkewe. Mimi nilibaki nimesimama uani nikitazama mihogo iliyoanikwa juu ya bati. Kisha nikasikia kile kilio, nawe unakijua, ndicho ulicholia siku ya baba.

Baba mdogo akafuatana na Mzee Kondo kurudi Kibaha kutambua maiti. Alikuwa hajamwona Shabani zaidi ya miaka kumi. Mzee Kondo anasema alisimama mlangoni, kofia imebanwa mdomoni, akatazama mara moja, akasema ndiye, mjini watu hubadilika. Aliambiwa anakwenda kumwona Shabani, akamwona Shabani. Simlaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemwona Shabani kwenye karatasi.

Mimi nilibakizwa Kibuta, kwa kuwa mama mwenye msiba hakutaka niondoke. Anaitwa Bi Mwanahamisi. Mdogo kuliko wewe kidogo, na mikono yenye mipasuko ya jembe. Alinikalisha kwenye mkeka ubavuni pake, akanishika mkono, akaanza kuniuliza. Alikuwa anakula vizuri? Nikamwambia anapenda ugali wa muhogo na dagaa, hana makuu. Alikuwa na kazi? Nikamwambia alikuwa fundi wa feni, tena hodari, watu walimletea feni zilizokataliwa na wengine. Akageuka kwa wanawake wenzake akawaambia kwa sauti mtoto wake alikuwa fundi, na wao wakaitikia. Alikuwa mgomvi? Hapana, mama, hakuna aliyewahi kugombana naye. Akasema basi amekua, maana aliondoka hapa mkorofi.

Kisha akaniuliza kama alikuwa anamtaja. Nikakumbuka kwamba mvua ikianza ghafla Fundi alikuwa na msemo, anaacha kazi anasikiliza bati, anasema, sasa hivi mama anakimbilia kuanua mihogo. Nikamwambia hivyo. Bi Mwanahamisi akaangua kicheko katikati ya machozi, akasema kweli, kila mvua nilikuwa naanua, na nilikuwa namtaja yeye kwa sababu hakuna wa kunisaidia. Ile jioni nzima alikuwa akimwambia kila anayeingia kupiga hodi ya msiba, muulizeni huyu binti, mwanangu alikuwa ananikumbuka mvua ikinyesha. Nami naitikia, ndiyo, alikuwa akisema.

Kesho yake kaburi likachimbwa asubuhi, na maiti ikaletwa kabla ya adhuhuri. Kwa desturi yao huoshewa nyumbani, na Mzee Omari alisema mwanawe atamwosha yeye kwa mkono wake. Wakaingia na maji nyuma ya pazia, yeye na waoshaji. Sisi wanawake tuko ndani, wengine wanasoma, mimi nimeinamisha kichwa na rozari yangu ndani ya kanga. Nikasikia maji yakimwagwa, kisha nikasikia yamenyamaza.

Mzee Omari alikuja mpaka mlangoni kwetu, mikono inachuruzika. Akamwita mkewe kwa jina la mtoto, "Mama Shabani." Akasema, "Yule si wetu."

Halafu bibi mmoja akasema alhamdulillahi, na wengine wakafuata, kwamba mtoto hajafa, Mungu mkubwa. Hata mimi nilitaka kushukuru. Lakini Bi Mwanahamisi hakushukuru. Aliuachia mkono wangu, akaniangalia, akasema polepole tena bila ukali, "Jana nilikuwa na mtoto. Amekufa, lakini alikuwa anakula, ana kazi, ananikumbuka mvua ikinyesha. Leo umeninyang'anya hata huyo. Sasa wangu yuko wapi?"

Ndipo nilipotoka, mama, nikaenda nyuma ya jiko lao nikakupigia, ukasema haloo.

Nje wanaume walikuwa wanabishana chini ya turubai. Wengine wakataka maiti irudi Kibaha, wengine wakasema polisi, na mmoja akasema sisi watu wa mjini tumewaletea mkosi. Alikuwa na haki ya kusema. Mzee Kondo alikaa chini ameshika kichwa, mzee wa watu, hata akanitia huruma kuliko nilivyojihurumia mwenyewe. Huko kwao kaburi likishachimbwa haliachwi wazi wala halifukiwi tupu. Aliyechimbiwa asipozikwa, hukatwa mgomba ukazikwa mahali pake, ili kaburi lisije likaita mwingine. Kijana mmoja alikuwa ameshatumwa akalete panga. Mzee Omari akamzuia. Akasema, "Hatutazika mgomba na mtu tunaye. Alikaa chumba cha mwanangu, na alale kaburi la mwanangu." Akarudi nyuma ya pazia kumalizia kumwosha, maana alikuwa amemwosha nusu.

Mwenyekiti wa kijiji alipiga simu kunakohusika, makaratasi yakaandikwa, wakaruhusiwa. Wanawake hatwendi makaburini, kwa hiyo yaliyofuata nayajua kwa Mzee Kondo. Anasema shehe alipofika mahali pa kumwita marehemu kwa jina lake na la mama yake, akauliza, na watu wakatazamana. Jina la mama lisipojulikana kuna namna. Wakamwita Fundi, mwana wa Hawa, kwa kuwa Hawa ni mama wa kila mtu. Mzee Kondo aliponisimulia hapo alishindwa kuendelea akaenda kunawa uso.

Tulirudi, na kabla hatujamaliza hata kuvua viatu, mama wa chumba cha kwanza akarudi kutoka Morogoro alikokwenda kumwangalia binti yake aliyejifungua. Yeye ndiye mkongwe wa nyumba. Nikamweleza. Akashangaa, akasema Shabani si aliondoka zamani, kabla mimi sijakabidhiwa nyumba, akisema anakwenda machimboni, na chumba akamwachia Fundi ili mwenzake asimlipe dalali kodi ya mwezi mzima. Mkataba haukubadilishwa, ukabaki na jina la Shabani. Nikamuuliza, na Fundi jina lake nani? Akafikiri sana. Akasema, Fundi.

Machimbo gani hajui. Nimepeleka habari hiyo Kibuta, kwa mdomo, kwa sababu nilidhani ina thamani. Bi Mwanahamisi alinipokea, akanipikia, akasikiliza. Akauliza machimboni kuna feni? Kisha akajijibu mwenyewe kwamba huyo wa feni ni mwingine, anamchanganya, asamehewe. Anaendelea kumchanganya, mama, kila mara, na kila mara anajirekebisha, na mimi ndiye niliyempandia huyo mtoto kichwani mwake.

Polisi tumetoa taarifa, na mwenyekiti wa mtaa ametangaza. Hajaja mtu kumuulizia Fundi. Picha ya uso wake hatuna. Nina moja tu kwenye simu, nilikuwa napiga picha kitasa nilichofanikiwa kukitengeneza, mikono yake ikaingia. Mikono hiyo ndiyo ninayowaonyesha watu. Na mahali fulani yuko mwanamke mwingine ambaye mvua ikinyesha anakimbilia kuanua mihogo, na hajui kama ameshafiwa.

Bosi ameniagiza nitoe vitu chumba cha nne, nipake chokaa, nipangishe. Nimevitoa. Feni zake ziko stoo kwa Mzee Kondo, bosi alitaka ziuzwe nikamwambia hazizunguki. Ndiyo uongo wangu wa mwezi huu. Sasa kuna kijana wa benki na mkewe, na asubuhi wanasikiliza redio. Nilijaribu kuzunguka kila chumba nikaandike majina upya, la mpangaji, la mama yake, na kijiji. Kidogo wanifukuze. Mama wa chumba cha sita alisema jina la mama yake halitoi kwa mtu, kwamba hilo ndilo wanalotafuta waganga wakitaka kukutupia kitu, na amewaambia wenzake wajihadhari na mimi. Kwa hiyo ninayo majina matatu tu, na moja nadhani nimedanganywa.

Kwaya nimeomba ruhusa kidogo. Vitasa pia sijavigusa. Ninakwenda kazini, ninarudi, ninapika, ninalala. Usinitafutie mume kwa sababu ya haya, mama, najua utaanza.

Msalimie sana baba mkubwa Kasiani, mzee wetu wa ukoo, mwambie koti lake nimeshalipata na litakuja na basi. Dada Yustina, mkubwa wetu, aniandikie na yeye, mkono haujavunjika. Shangazi Filomena anayekuchotea maji namwombea kila siku. Katekista naye msalimie, na umwambie ukweli kuhusu zile nyumba. Deo, mdogo wangu, ahsante kwa kusoma, sasa msomee mama sehemu iliyobaki bila kuharakisha.

Mama, hapa Mlandizi chumba ninachokaa aliniachia Neema, yule rafiki yangu wa chuoni, alipoolewa Tanga. Mkataba una jina lake mpaka leo, na kwao Same. Mwenye nyumba nimemwambia abadilishe, anasema haina haraka. Mimi msimamizi wa nyumba za watu, hebu cheka kidogo. Nitamfuata tena kesho, na kesho kutwa. Lakini wewe shika hili. Siku ukiletewa habari yangu na mtu yeyote, hata akija na karatasi yenye muhuri, hata akiwa ameshika mkono wako analia, usiamini karatasi. Mwambie afunue uso. Tafuta lile kovu la jembe juu ya nyusi ya kushoto. Kama lipo, unililie. Kama halipo, usimrudishe huyo mtu, mzikeni vizuri hapo kwa baba, mumlilie kidogo, kwa sababu ana mama. Kisha uendelee kuningoja.

Ni mimi mwanao,
Tekla.